Ngozi au Kiatu

Fundi Mwinjaka wa Pangani alifikaje nchi ya Tafakuri, hilo kamuulizeni mwenyewe. Miye naanzia pale alipokwisha fika, kwa sababu safari zote ni vumbi na kiu, na hayo hata aliyebaki nyumbani anayajua. Ninachotaka kuwasimulia ni ile kesi, na jinsi mshona viatu asiye na cheti wala kilemba cha usomi alivyowauliza wasomi jambo ambalo kwa miaka arobaini na moja hakuna hata mmoja wao aliyelifikiria.

Langoni walimweka nusu siku. Nchi ile ina watu wa rangi mbili: wako wa rangi ya ufuta na wako wa rangi ya kahawa. Tena ina barabara mbili. Ya juu imesakafiwa, inapita kilimani penye majumba, na haruhusiwi kuikanyaga ila mwenye viatu. Ya chini ni tope, inapita bondeni, na hiyo ni ya pekupeku. Usije ukadhani ufuta wote wana viatu na kahawa wote hawana. La hasha. Wako ufuta wasiomiliki hata ndara, na wako kahawa wanaobadili viatu mara tatu kwa siku. Lakini simama njia panda uhesabu miguu inayopita, jioni utakuwa umeshajua mambo yalivyo bila kuambiwa na mtu.

Karani wa kwanza alimtazama Mwinjaka usoni, akaandika kahawa. Karani wa pili alimtazama miguuni, akaona viatu vya ngozi ya ng'ombe, soli mbili, alivyojishonea mwenyewe, akaweka kalamu chini.

"Kwa uso upite chini, kwa miguu upite juu," alisema. "Sasa tukuandike nini?"

"Niandikeni fundi viatu."

"Hilo silo tulilokuuliza."

"Basi ulizeni lenye jibu," alisema Mwinjaka. Ndivyo alivyo, hana mdomo wa kubembeleza.

Mwishowe wakampa kibali cha barabara zote mbili, na yule wa pili akamwonya kwa upole, kama mtu anavyomkumbusha mwenzake kubeba mwavuli: "Ukiwa barabara ya juu usiiname. Hata ukiangusha kitu, kiache. Mtu wa rangi yako akiinama, askari huogopa."

"Akiogopa hufanya nini?"

Karani alipiga muhuri, akaita mwingine.

Mwinjaka akaweka kigoda chake njia panda, akaanza kazi. Siku ya tatu akajiwa na mama wa makamo, mweusi wa kahawa iliyokaangwa, peku, kanga zake safi zimepigwa pasi. Alijitambulisha kuwa ni Bi Mashavu wa Bondeni. Hakuwa na kiatu cha kushona.

"Nimesikia wewe ni fundi na tena ni mgeni," alisema. "Baraza linatafuta shahidi wa viatu asiyekuwa wa huku. Nimekuja kukuomba ukubali wakikuita. Mwanangu ameuawa, Fundi."

Mwinjaka aliacha sindano. Akamvutia kigoda kingine, naye Bi Mashavu akakaa, akaeleza bila kulia, maana alikuwa amekwisha lia vya kutosha. Mwanawe aliitwa Feruzi, fundi wa mabomba ya maji, umri miaka ishirini na sita. Miezi minne nyuma aliitwa kilimani bomba limepasuka katika nyumba ya tajiri mmoja. Akavaa viatu vya marehemu baba yake ili apite barabara ya juu kwa halali. Kamba ya kiatu ikafunguka. Akainama kuifunga. Askari mmoja wa zamu akampiga risasi, kamba bado i vidoleni.

"Ni askari yupi?" aliuliza Mwinjaka.

"Hilo ndilo ninalolitaka. Nataka nijue ni nani, na huyo nani aulizwe. Basi. Sitaki kingine."

"Hawajamuuliza?"

Bi Mashavu alimtazama, akaona kweli huyu ni mgeni. Akamfahamisha sheria. Katika nchi ya Tafakuri, alisema, askari hasemwi kuwa ameua. Askari huogopa, na bunduki hulia. Na kwa kuwa hofu haiwezi kuanzia kwa anayeogopa, bali huanzia kwa anayeogofya, basi anayechunguzwa ni maiti. Baraza la Sababu hukaa likatafuta ni kitu gani cha marehemu kilichomwogofya askari. Hakuna kesi mpaka sababu ijulikane. Na mpaka hapo maiti huzikwa Makaburi ya Kungoja, kwa namba, bila jina. Feruzi alikuwa namba mia sita na kumi na mbili.

"Na namba moja alishapata sababu yake?"

"Namba moja angali anangoja."

Mwinjaka alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Alipoona mama hacheki, akaona haya, akainama kuokota sindano ambayo haikuanguka.

Baraza lilimwita kweli. Jengo lenyewe lilikuwa la fahari, na juu ya mlango walikuwa wamechonga sheria yao ya kwanza: FAHALI WAWILI HAWAKAI ZIZI MOJA. Maana yake kwa wanasheria wa kule ni kwamba jambo moja haliwezi kuwa na sababu mbili. Kulia walikaa watu wa Chuo cha Ngozi, wakiongozwa na Profesa Kipande. Hawa hushikilia kwamba kinachowaua watu ni rangi yao. Kushoto walikaa watu wa Chuo cha Kiatu, wakiongozwa na Profesa Hidaya, nao hushikilia kwamba ni umaskini tu, rangi ni kisingizio. Kila chuo kina maktaba. Kila chuo kina takwimu, na takwimu zao, niwaambie ukweli, nyingi ni sahihi. Ngozi wanaweza kukuonyesha kwamba kahawa mwenye viatu hufa zaidi kuliko ufuta mwenye viatu. Kiatu nao wanaweza kukuonyesha kwamba ufuta pekupeku hufa zaidi kuliko ufuta aliyevaa. Aliyesema ni vyote viwili pamoja, mwanafunzi mmoja zamani, alinyang'anywa shahada yake kwa kukosa msimamo.

Wala msidhani ni watu wabaya. Profesa Kipande hulia kweli akisoma orodha ya waliouawa wa rangi yake. Profesa Hidaya aliwahi kufunga kula siku tisa kwa ajili ya pekupeku. Wakitoka pale wote wawili hupanda kwenda nyumbani kwa barabara ya juu, na nyumba zao zinatazamana.

Mlangoni walisimama askari wanne na bunduki zao. Mwinjaka alimuuliza Bi Mashavu hao ni akina nani.

"Ndio waliokuwa zamu siku ile," alijibu kwa sauti ya chini. "Kikosi kilichokuwepo kwenye tukio ndicho kinacholinda baraza siku ya kesi. Wanasema kwa kuwa kimeshalizoea jambo."

"Yaani yumo humu ndani?"

"Mmoja wao. Tangu asubuhi nawaangalia. Naye yuko zamu hajambo, na mimi nakaa hapa. Kwa sheria yetu askari hana jina akiwa kazini."

Mwinjaka alimkumbuka karani wa langoni, akajiambia kwamba leo kazi yake ni kuinama, na nyuma yake watasimama watu wanne wenye tabia ya kuogopa. Alitamani kurudi Pangani. Lakini mama alikuwa pale, mikono imekunjwa pajani, na Mwinjaka aliona kwamba akiondoka hatajisamehe.

Mwamuzi Mkuu aliingia, mzee wa ufuta mwenye sauti laini na usingizi kidogo. Aliketi, karani wake akatandaza fomu, na kesi ya marehemu mia sita na kumi na mbili ikafunguliwa. Juu ya meza viliwekwa vitu vitatu: viatu vya Feruzi, spana yake, na shati lake jeupe.

"Shahidi," alisema Mwamuzi Mkuu, "tuambie tu kama viatu hivi vilikuwa vya marehemu au alivichukua mahali. Vikiwa vya wizi, Chuo cha Kiatu kina hoja, na pengine kesi yenyewe haina maana. Vikiwa vyake, basi Chuo cha Ngozi kina hoja."

Mwinjaka alivishika. Hapo hofu ikamtoka, maana alikuwa nyumbani. Aliingiza mkono ndani, akapapasa, akavigeuza, akavinusa.

"Kwanza vilivaliwa na mtu mwenye mguu mpana, miaka mingi," alisema. "Halafu vikavaliwa na huyu, mwenye mguu mwembamba. Ncha imejazwa kitambaa, na kitambaa kimeshika umbo la vidole vyake. Mtu hajazi kitambaa kwenye kiatu alichoiba jana. Ni vyake. Ni vya baba yake, akavirithi."

Watu wa kulia walinong'ona kwa furaha. Profesa Kipande alisimama. "Mheshimiwa, imethibitika. Alikuwa na viatu, tena halali, na bado akauawa. Imebaki ngozi."

Profesa Hidaya naye akasimama kabla mwenzake hajakaa. "Kiatu cha kurithi kilichojazwa kitambaa ni kiatu? Mwenye kuvaa kwa kweli, kiatu humkaa. Huyu alikuwa pekupeku aliyejificha ndani ya viatu, na askari akalihisi hilo. Tena tazameni shati. Mgongoni kuna doa la udongo. Katika kitabu changu nimelieleza kwa kurasa themanini: ni udongo wa mtu anayelala sakafuni. Umaskini huo, mheshimiwa, umejiandika wenyewe."

"Nilishalijibu doa hilo," alisema Profesa Kipande, "katika kitabu changu, juzuu ya pili. Kwa nini tukiona doa kwenye shati la kahawa tunaliita uchafu? Lingekuwa shati la ufuta tungeliita bahati mbaya."

Wakaingia humo. Doa likapita kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi. Karani aliandika, Mwamuzi Mkuu alikuwa amefumba macho, na wasikilizaji walianza kufungua vyakula vyao kama watu wanaojua jua litazama hivyo hivyo. Ama kweli debe tupu haliachi kuvuma, lakini haya yalikuwa madebe yaliyojaa, na ndiyo maana kelele zake zilichosha zaidi.

"Naomba nilione hilo doa," alisema Mwinjaka.

Hakuna aliyemkatalia, maana hakuna aliyeona sababu. Akalitandaza shati mezani, mgongo juu. Akainama. Akalitazama hivi na vile, akaweka kidole, akahesabu kitu kwa midomo. Alipoinuka alikuwa amekasirika, na hasira yake ilionekana.

"Mmeandika vitabu vingapi juu ya hili doa?"

"Kumi na vinne," alisema karani.

"Hii ni soli," alisema Mwinjaka. "Soli ya buti, mguu wa kushoto. Mstari wa mshono huu hapa. Kisigino hiki hapa, cha misumari saba, na wa tatu upande wa nje umetoka, umeacha tundu. Mwenye buti hili hukanyagia upande wa ndani, mguu wake umelala kidogo. Alimkanyaga kijana wa watu mgongoni alipokuwa chini. Kisha mkaketi miezi minne mnabishana kama marehemu alikuwa analala sakafuni."

Mwamuzi Mkuu alifumbua macho.

"Shahidi, ulichoitiwa ni viatu vya marehemu."

"Viatu vya marehemu nimekwisha visema, Mheshimiwa. Sasa nasema kilichomkanyaga. Mnasema askari aliogopa. Miye nimeogopa nyoka mara nyingi, na nyoka ninayemwogopa simsogelei nikamwekea mguu mgongoni. Aliyeweka mguu hapa hakuwa anaogopa. Na kama mnataka kumjua, ni rahisi, sio kazi ya kitabu. Waambieni hao wanne pale mlangoni wainue mguu wa kushoto."

Mwamuzi Mkuu alieleza, kwa upole wake uleule, kwamba buti za askari ni mali ya serikali, na mali ya serikali haiinuliwi bila kibali, na kibali hutolewa sababu ikishajulikana. Profesa Kipande alikubaliana naye. Profesa Hidaya pia alikubaliana naye, na wakatazamana kwa mshangao, kwa sababu hawakuwahi kukubaliana.

Hapo Bi Mashavu akasimama. Hakuomba ruhusa. Alipita katikati ya viti mpaka mlangoni, akapiga magoti mbele ya askari wa kwanza, akamshika kifundo cha mguu kama mama anavyomshika mtoto aliyechomwa na mwiba.

"Inua, baba," alisema.

Yule askari, mtu mzima wa ufuta mwenye mvi masharubuni, alitazama huku na huku, hakuna aliyemwambia afanye nini. Akainua. Misumari saba, yote ipo. Bi Mashavu akamshusha mguu taratibu, akaenda kwa wa pili. Misumari saba. Kwa wa tatu, saba.

Wa nne alikuwa amekaza mguu sakafuni. Bi Mashavu aliinua uso kumtazama, na baraza zima likaona alichokiona. Alikuwa kijana wa kahawa. Shingoni alikuwa na kovu la upele wa utotoni wanaoupata watoto wa Bondeni kwa sababu ya maji ya huko. Buti lake lilikuwa limempwaya.

"Inua, mwanangu," alisema Bi Mashavu, na sauti yake ikakatika kwa mara ya kwanza.

Akainua. Misumari sita, na tundu moja, la tatu upande wa nje.

Sijui mngetarajia nini. Kilichotokea ni kwamba Profesa Hidaya aliruka kitini kwa ushindi. "Mmeona? Ni rangi ileile! Kahawa kwa kahawa! Ngozi imeanguka leo, kilichobaki ni kiatu!" Naye Profesa Kipande, jasho likimtoka, akajibu kwamba la, sivyo, aliyevishwa buti la kilima huvishwa na macho ya kilima, na macho hayo huiogopa ngozi hata iwe yake mwenyewe, na kwamba hoja hiyo ataifafanua katika juzuu ya tatu. Wanafunzi wao wakafungua madaftari. Baada ya kitambo kifupi doa lilisahaulika na buti likawa limechukua nafasi yake, na wale waliofunga vyakula vyao wakavifungua tena.

Bi Mashavu alikuwa bado amepiga magoti, mguu wa yule kijana mikononi mwake. Mwinjaka alikwenda akasimama karibu naye. Alitaka kupiga kelele, lakini mama akatangulia kusema, wala hakupaza sauti. Watu walinyamaza mmoja mmoja kwa kuwa walitaka kumsikia.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi sikusoma. Lakini hayo mnayobishania nayajua kuliko ninyi. Nimeishi ndani ya ngozi hii, na nimetembea kwa miguu hii. Najua mwanangu angekuwa wa ufuta wangemuuliza kwanza anafunga nini. Najua angekuwa tajiri wangemfungia wao. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yalikuwepo asubuhi ile, na hakuna siku hata moja yamewahi kutengana mlangoni kwangu. Sijawaomba mniambie hayo."

Akanyanyuka, magoti yakimuuma, akimshikilia yule askari mkono ili asiyumbe. Kwa wakati ule ilikuwa vigumu kujua nani anamshikilia mwenzake.

"Miaka arobaini na moja mmekuwa mkiwauliza maiti. Mnawapima rangi, mnawavua viatu, mnataka waseme kwa nini wameuawa. Maiti hawajui. Feruzi alikuwa anafunga kamba. Huyu hapa ndiye anayejua. Yu hai, ana mdomo, na hajaulizwa hata aliamkaje. Muulizeni yeye. Akisema ni ngozi, tutasikia. Akisema ni kiatu, tutasikia. Akisema aliamriwa, tutauliza na aliyemwamuru. Lakini aulizwe yeye."

Mwamuzi Mkuu alifungua kitabu cha sheria, akatafuta kifungu cha kulizuia jambo hilo. Alipekua kwa muda mrefu. Hakukuwa na kifungu, maana waliotunga sheria hawakudhani kama kingehitajika. Askari wengine watatu walikuwa wamesogea pembeni hatua mbili, na yule mwenye mvi alikuwa ameegemeza bunduki yake ukutani.

"Nitasema," alisema kijana.

Profesa Kipande alifungua mdomo. Mwinjaka akamgeukia, akaweka kidole midomoni mwake mwenyewe, kama mtu anayemnyamazisha mtoto msikitini, na profesa akaufunga.

Karani aliitazama fomu yake. Jina la marehemu. Rangi ya marehemu. Kiatu cha marehemu. Akaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, hauna mstari hata mmoja. Akachovya kalamu.

"Askari," alisema, "jina lako nani?"

"Sudi Mwachipo," alijibu kijana, kwa sauti ndogo iliyoishia njiani.

Bi Mashavu akageuka akalielekea baraza, akalirudia jina lile kwa sauti kubwa, ili waliokaa nyuma nao walisikie.